Begi Lililohamisha Uwanja

Ngoma ya baba ilinyamaza katikati ya wimbo, na uwanja mzima wa Kisesa ukageuka kutuangalia. Mimi sikuwa na cha kuangaliwa. Macho yote yalikuwa kwenye mgongo wa mgeni wangu, kwenye begi la buluu lililompita kichwa, lililoning'inizwa sufuria, kikombe cha bati, ndala na kichane cha ndizi mbivu. Baba alisimama mbele ya wachezaji wake, jembe begani, jasho likimdondoka kidevuni. Kutoka upande wa pili alikuwa anakuja Ngosha kwa hatua ndefu, chatu wake amemzunguka shingoni, kidole kimenyooka.

"Luhaga ametuletea dawa!" alipiga kelele. "Dawa yenye miguu! Lifungueni hilo begi!"

Mgeni wangu, ambaye Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwenye simu, alinivuta mkono. "Evelina," alininong'oneza, "tatizo?"

Nilimwambia hapana, hakuna tatizo, huku roho yangu iko juu, maana tatizo lilikuwepo na lilikuwa kubwa. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Likizama huku duara la baba ni tupu, maisha aliyoyajua yalikuwa yamekwisha.

Kwetu Usukumani, baada ya mavuno, ngoma haichezwi peke yake. Makundi mawili yanaingia uwanja mmoja, kila moja na duara lake, na yanapiga kwa pamoja mpaka masikio yazibe. Hakuna mwenye filimbi wala mwenye kutoa alama. Mtu akichoshwa na ngoma yako anageuka tu, anavuka kwenda ya jirani, na jua likigusa vilima wazee wanatazama duara lipi limejaa. Ndiyo maana watu wanaamini kuna dawa za kuvuta watu, za kufukia uwanjani au kufunga kwenye ngoma, na kundi likijaza ghafla lazima mtu aulize limefukia nini.

Baba yangu, Luhaga, alikuwa manju wa ngoma ya majembe. Yeye ndiye aliyetunga nyimbo na kuziongoza, na wachezaji wake waliyarusha majembe juu yakazunguka hewani, wakayadaka bila kuacha kucheza. Nilipokuwa mdogo hakuna aliyemweza. Alikuwa anamwimba mtu aliyekuja uwanjani na kanzu ya kuazima, na mtu huyo anacheka mpaka anakaa chini. Halafu maradhi ya koo yakampata, yakamwacha na sauti kama bawaba isiyo na mafuta. Maneno aliendelea kuyatunga, tena makali kuliko zamani, ila yalikuwa yanafia mstari wa kwanza wa watu. Ngosha, ambaye aliwahi kuchezea kwetu kabla hajapata chatu, alianza kutuchukulia watu, kwanza vijana, kisha mama zao, mwishowe mpaka mashemeji.

Mwaka uliotangulia, baada ya kushindwa tena, baba alisimama mbele ya wote akalinyanyua jembe lake la ngoma. "Mwakani nikishindwa," alisema, "jembe hili linarudi shambani, na kundi limekwisha." Waliokuwa mbali waliuliza kasema nini. Ilibidi waambiwe.

Na mimi? Mimi baba alitaka nisome ualimu Butimba. Nilikataa, nikapanga chumba Pasiansi, nikaanza kuongoza wageni kuzunguka Mwanza. Alikasirika kwelikweli. "Mawe ya Mwanza yapo bure tangu Mungu ayaweke," aliniambia. "Wewe unayapigia kelele ili yafanye nini?" Tukawa tunasalimiana tu, shikamoo, marahaba, basi. Nilipopata mgeni wangu wa kwanza wa kunilipa, siku yenyewe ikaangukia siku ya ngoma. Nilimpigia baba kumwambia siwezi kuja. Akasema, "Haya, kapige kelele zako."

Mgeni mwenyewe alikuwa Ilona, mama wa Kihungaria mwenye mvi, mstaafu, aliyeshuka kutoka kaskazini akiwa na begi lile na pensheni ndogo. Nilimkuta alfajiri nje ya gesti, viatu vimefungwa, tayari kama mtu wa gwaride. Nilimwamkia, akajibu "Marahaba!" kwa nguvu mpaka mlinzi akatoka kuangalia. Nikamweleza mpango wa siku. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akaniuliza swali ambalo niliendelea kulisikia mpaka jioni.

"Na hii ni bure?"

Nikaupanga upya mpango wote pale pale, barabarani.

Tulianzia mwaloni Kirumba, kwa sababu kuangalia hakulipiwi. Mitumbwi ilikuwa inaingia na dagaa, wachuuzi wanagombania ndoo, ndege korongo wamesimama juu ya mapaa na makoo yao yale mabaya wakisubiri matumbo ya samaki. Ilona alichagua kugombana na Dorotea, mwanamke mwenye mdomo kuliko wote pale, kuhusu fungu moja la dagaa wakavu. Alikuwa anashika moyo, anaondoka, anarudi, anaonyesha viatu vyake kwamba vimechakaa. Dorotea alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. "Mzungu huyu ni wa Magu, mwenzetu kabisa!" alisema, akamwongezea viganja viwili vya nyongeza na kumbusu shavuni.

Kutoka pale tulitembea. Ilona hakutaka kusikia habari ya bodaboda. Tulifika kwenye jiwe la Bismarck jua likiwa limechangamka, lile jiwe lililosimama juu ya mengine ndani ya maji kama mtu aliyepanda kuangalia nani anakuja. Alilitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Nani ameweka?" Nilianza kumwambia, na upepo wa ziwa ukayachukua maneno yangu ukayapeleka bandarini. Nikarudia kwa nguvu. Hii ndiyo kazi ya kuongoza wageni Mwanza: ni kushindana na upepo kuanzia asubuhi. Nilipofikia kusema kwamba hakuna aliyeliweka, wavuvi waliokuwa mbali kule na mtumbwi wao waliitikia, "Hakunaaa!"

Kisha Capri Point. Tulipanda mawe mpaka mji wote ukawa chini yetu, nyumba zimebandikwa vilimani juu ya majabali, vivuko vinakwenda Kamanga, maji yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Kisiwa cha Saanane kilikuwa pale karibu. Nilimweleza kuna wanyama, kuna boti, na kuna kiingilio. Ilona alikaa kwenye jiwe, akachomoa darubini ndogo mfukoni, akakikagua kisiwa kile ncha hadi ncha.

"Swala!" alipiga kelele. "Evelina, nimeona swala! Bure!"

Nilicheka, na nilikuwa nampenda tayari. Nilisimama juu ya jabali nikamwonyesha kila kitu kwa mkono na kwa mdomo, Kirumba kule, bandari pale, Makoroboi nyuma, nikipaza sauti juu ya upepo. Nilipogeukia mashariki, mahali barabara ya Kisesa inapopotelea, nikanyamaza. Kule walikuwa wanapasha ngoma moto. Niliwaona kabisa kichwani: vijana wanachochea majani makavu, baba anapita anagonga kila ngozi kwa vidole, anasikiliza.

Ilona aliniuliza nina nini. Nilijaribu kumdanganya, nikashindwa, nikamweleza yote, jembe, chatu, kiapo cha baba. Alisikiliza akimenya ndizi.

"Hiyo ngoma," alisema mwishoni. "Kiingilio?"

"Hakuna kiingilio, mama."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Alisimama, akalirudisha begi mgongoni, sufuria ikagonga kikombe. "Sasa kwa nini tuko hapa?"

Dereva wa lori la mashudu ya pamba alitupa lifti mpaka Kisesa. Tulishuka tumejaa vumbi la manjano. Ngoma zilisikika tangu barabarani, mbili kwa pamoja, na mimi niliyekulia pale nilijua kwa kusikiliza tu ni ipi iliyozidiwa. Duara la Ngosha lilikuwa limefura, watu wanakanyagana kumwona chatu akinyanyuliwa. Kwa baba palikuwa na bibi zetu waliokaa chini, wake wa wapiga ngoma, na mlevi mmoja aliyelala.

Nilimpitisha mgeni pembeni mwa uwanja, kuelekea kwa baba yangu. Ningempeleka wapi kwingine? Lakini hatukuwa tumefika mbali nilipowasikia nyuma yetu. Watoto kwanza. Kisha kaka zao. Halafu watu wazima waliojifanya wanapita tu. Kisesa wameona wageni wengi wakishuka kwenye magari na kurudi kwenye magari, ila bibi wa Kizungu mwenye mvi, kwa miguu, amebeba jiko na kitanda mgongoni kama mtu anayehama nyumba, huyo alikuwa mpya. Uwanja ulituhamia. Tulipofika kwenye duara la baba walikuwa wametuzunguka tabaka juu ya tabaka, na kwa Ngosha zimebaki nyayo.

Moyo wangu ulipasuka kwa furaha. Nilimwangalia baba nikitegemea kicheko. Badala yake alinyanyua mkono, na ngoma ikanyamaza.

Ndipo Ngosha alipokuja na kidole chake.

Walimwita mzee Nathaniel, mkuu wa wazee wa uwanja, aliyekuwa anasinzia nyuma ya meza yao. Alisikiliza shauri, akakuna ndevu, akasema begi lifunguliwe ili roho zitulie. Nilimweleza Ilona. "Kama forodha?" aliuliza. Nikasema kama forodha. Hakukasirika hata kidogo. Alipiga magoti akaanza kutoa kimoja kimoja, akikinyanyua ili wote waone. Soksi. Mswaki. Chandarua. Blanketi. Fulana iliyotoboka, aliyoionyesha mbele na nyuma. Mwisho likatoka fungu la dagaa la Dorotea, likanuka vizuri, na mbwa wa uwanja akaja moja kwa moja. Watu walivunjika mbavu. Ngosha alichungulia ndani ya begi mpaka chatu naye akaingiza kichwa, na hakukuwa na kitu tena.

"Hakuna dawa," mzee Nathaniel alitangaza. "Chezeni."

Nilishusha pumzi. Lakini baba hakucheza. Alikuja mpaka mbele ya Ilona, akainama kidogo kwa heshima. "Karibu, mayu," alimwambia, yaani mama. "Wabeja, asante kwa kuja." Kisha akamgeukia mzee. "Begi liwekwe mezani kwenu. Mgeni akae na bibi hawa, apewe khanga, apumzike. Watu hawa si wangu. Ni wa begi."

"Baba!" Sauti ilinitoka yenyewe. "Jua linazama!"

"Naliona."

"Ukishindwa je?"

"Nimeshindwa mara nyingi, Evelina," alisema. "Sijawahi kushinda kwa mzigo wa mtu."

Nilitamani kulia. Nilitamani kumtingisha mabega. Na chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine, nilijivunia kuwa mtoto wa mtu yule kuliko nilivyowahi kujivunia chochote. Nikalibeba begi mwenyewe mpaka mezani. Bibi zetu walimfunga Ilona khanga kiunoni na nyingine kichwani, wakamkalisha katikati yao, na baada ya muda mfupi alikuwa mwanamke mzee mmoja kati ya wanawake wazee, anatafuna karanga.

Watu sasa walifuata nini? Walifuata begi. Waliizunguka meza wakaendelea kulitazama, wanabishana sufuria ile inaivisha maharage au haiivishi. Maduara yote mawili yalikuwa matupu. Ngosha alikuwa anamwinulia chatu wake yule mlevi, aliyekuwa amehamia kwake na kulala tena.

"Kwa sasa," alisema mzee Nathaniel, "anayeshinda ni begi."

Ngoma zikaanza upya. Baba aliingia katikati, na nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia. Alikuwa anaimba kwa Kisukuma, nami nauweka wimbo wake kwa Kiswahili ingawa unapoteza utamu:

*Mgeni katoka mbali, kaja kutuona sisi.
Sisi tumetoka hapa jirani, tumekuja kuona mfuko.*

Ulikuwa wimbo wake bora kwa miaka. Ulikuwa unachoma na kuchekesha kwa pamoja, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa nabebwa mgongoni. Na ulifia pale pale miguuni mwake. Wachezaji wake wenyewe walimtazama mdomo wakijaribu kukisia. Aliurudia, mishipa ya shingo imemsimama, na kilichotoka kilikuwa hewa.

Sikupanga. Nilijikuta nimevuka mstari, nimesimama bega kwa bega naye, nimefungua mdomo. *Mgeni katoka mbali!* Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya jiweni na ya Capri Point, ile iliyowafikia wavuvi asubuhi juu ya upepo wote wa ziwa. Ilipita juu ya ngoma za kwetu, ikapita juu ya ngoma za Ngosha, ikagonga watu migongoni pale mezani. Vichwa viligeuka. Niliona mtu mmoja akicheka, akamgonga mwenzake kiwiko: anatusema sisi!

Baba alinigeukia. Sijui nilitegemea nini usoni mwake. Alinisogelea, akanishika sikio kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo, ila safari hii aliuweka mdomo wake karibu, akanipa mstari wa pili. Nikauimba. Akanipa wa tatu. Majembe yakapanda juu yakameta, yakashuka mikononi. Akavuta pumzi anipe wa nne, kikohozi kikamkamata, akanionyesha kwa mkono: endelea.

Niendelee na nini? Sikuwa mtunzi. Nilikuwa na siku yangu tu. Kwa hiyo niliimba siku yangu. Nilimwimba mgeni aliyemlegeza Dorotea wa mwaloni kwa kumwonyesha viatu vibovu. Nilimwimba mgeni aliyeliuliza jiwe nani amekuweka, na jiwe likasema hata mimi nashangaa. Nilimwimba aliyekwenda Saanane bila kupanda boti, akamkuta swala, wakasalimiana, hakulipa kitu. Na kila mwisho wa ubeti niliuliza kwa Kiswahili chake mwenyewe, *Na hii ni bure?* Wachezaji walikipata kibwagizo kile mara moja, wakawa wanaitikia, "Bure kabisa!" huku majembe yanaruka.

Walikuja. Mwanzoni mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakikimbia wasipitwe na ubeti. Watu wa Kisesa wanaosafiri Mwanza kila wiki kuuza nyanya na hawajawahi kulitazama lile jiwe, walikuwa wanaliona sasa, kwenye vumbi la uwanja wao. Baba alikuwa amepata pumzi, ananirushia maneno kutoka kushoto, mimi nayapokea nayapandisha, na hatukuwa tumeongea hivyo tangu nikatae ualimu. Ilona alitega sikio aliposikia Saanane. Aliposikia "bure" alisimama na khanga zake zote.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Evelina! Huyu ni mimi!"

Uwanja ukalipuka. Bibi zetu walimsukuma katikati, akacheza, akakosea kila kitu, mtu akampa jembe naye kwa bahati nzuri hakulirusha. Wapiga ngoma wa Ngosha walikuja wakiwa na ngoma zao shingoni. Ngosha mwenyewe alifika mwisho. Alijaribu kununa, ila nilipofikia ubeti wa chatu aliyeingiza kichwa kwenye begi akakuta soksi, alicheka kuliko wote.

Jua liligusa kilima. Mzee Nathaniel alisimama kufanya kazi yake ya kutazama, na hakuhitaji kutazama. Upande wa pili palikuwa tupu. Kwenye meza ya wazee begi la buluu lilikuwa limebaki peke yake, na mbwa chini yake kwa ajili ya dagaa.

Siku hizi wageni ninao wengi, na msimu wa ngoma ukifika naimba, baba akiwa kwenye kiti kando yangu, ananipa maneno sikioni. Jembe lake halijaona shamba. Watu wakiniuliza nimesomea wapi sauti ile nawaambia Capri Point, wanadhani ni chuo.

Lakini jioni ile hatukuwa tunajua lolote la mbele. Ilona alikuwa amechoka, anatakiwa kurudi mjini, na tulitakiwa kumsindikiza mpaka stendi. Nililiendea begi. Baba alinitangulia. Alichuchumaa, akapitisha mikono kwenye mikanda yake, akasimama kwa kugumia, sufuria ikagonga kikombe. Alitembea hivyo kuukata uwanja, mzee mwembamba chini ya mzigo wa buluu, na watoto wote wa Kisesa wakamfuata nyuma.

"Hao ni wa begi, baba," nilimtania.

"Sasa hivi ni wangu," alisema, kwa ile sauti yake iliyokwisha. "Wao na begi lenyewe."

Nikayarudia maneno yake kwa sauti, ili na watoto wa nyuma wasikie.